Rangi ya Kipimo

Mehdi alipima maji ya tangi lake kila Jumapili asubuhi, baada ya kumeza dawa za kifua kikuu na kusubiri kichefuchefu kimwachie. Alivuta kiti hadi kwenye meza ya dirishani, akatandika karatasi nyeupe, akapanga vichupa vyake, kisha akaomba asisemeshwe.

Lilikuwa tangi la maji ya chumvi, limechukua karibu ukuta mzima wa sebule ya nyumba yao ya Mbezi Beach. Ndani yake walikuwemo samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mmoja wa manjano mwembamba kama sahani, na matumbawe ya kila namna. Matumbawe hayo Mehdi aliyakuza kutokana na vipande vidogo alivyobadilishana na rafiki yake Stanley, karani wa benki aliyekaa Kipawa na aliyekuwa na tangi kama lile.

Narjis, mkewe, hakuwahi kupima maji hata siku moja, lakini kazi yenyewe aliijua kwa kuitazama miaka yote. Kwanza Mehdi alisuuza kichupa kwa maji ya tangi lenyewe, si ya bomba. Akavuta maji kwa sirinji na kuinyanyua usawa wa jicho, ili ukingo wa maji usimdanganye. Akatia dawa ya rangi, maji yakawa bluu. Halafu akashika chupa ya dawa ya pili, mdomo chini, wima kabisa, kwa sababu chupa ikilala matone hayalingani. Tone moja, anatikisa, anatazama juu ya karatasi nyeupe. Tone jingine, anatikisa, anatazama. Lile linalogeuza bluu kuwa pinki, na pinki ikabaki hata akitikisa, ndilo la mwisho. Hesabu ya matone hadi hapo ndiyo iliyomwambia maji yana alkali kiasi gani, na alkali ndiyo matumbawe hujengea mifupa yao.

"Mtu akipitiliza hapa," alimwambia Narjis zamani, "anakuwa hapimi maji tena. Anapima uzembe wake."

Wakati ule alikuwa mzima, ana duka la vipuri Gerezani na sauti ya kusikika hadi barabarani. Sasa duka aliliendesha mdogo wake. Kifua kikuu kilikuwa kimemrudia mara ya pili, na safari hii daktari aliwaambia kwamba vijidudu vimekuwa sugu kwa dawa moja, kwa hiyo nyingine zitaendelea zote hadi mwisho, bila kupunguzwa baada ya miezi miwili kama walivyozoea watu wengine. Kisukari kilikuwa kimeshachosha figo zake pia. Hakuambukiza tena, daktari alilisema hilo waziwazi, lakini Mehdi hakutaka mtu ajue. Msikitini walijua ana pumu. Majirani walijua ana pumu. Hata binti yao Sidra, aliyeolewa Arusha, aliambiwa ni pumu. Walioijua kweli walikuwa wawili tu: Narjis, na Demetria, au Mama Kemi kama walivyomwita, mwanamke wa Bukoba aliyewasaidia kazi za nyumbani tangu Sidra akiwa shule ya msingi. Demetria ndiye aliyempikia uji siku ambazo hakuweza kukaa kitako, na ndiye aliyefua mashuka yenye damu bila kuulizwa wala kusimulia.

Basi kwa mtu aliyefungiwa hivyo, asiyeenda dukani wala kupokea mgeni, tangi lile ndilo lililobaki kuwa kazi yake.

Mambo yalianza kwenda kombo mvua za vuli zilipokatika. Jumapili moja Mehdi alinyanyua uso kutoka kwenye kichupa akasema, "Kumi na moja. Imepanda."

Kawaida ilikuwa nane au tisa. Tangi lilikuwa na pampu ndogo ya kutia alkali kidogo kidogo kutwa nzima, kufidia ile inayoliwa na matumbawe. Akaipunguza. Jumapili iliyofuata akapata kumi na mbili, akaizima kabisa.

Narjis alikuwa wa kwanza kuona ncha za matumbawe zikigeuka nyeupe. Lile la zambarau, lililokuwa fahari ya Mehdi, lilikuwa limepauka kama nguo iliyosahaulika juani.

"Baba Sidra, hili la zambarau lina nini? Limekuwa jeupe."

Mehdi alisogea hadi pua ikakaribia kioo. "Taa imechoka. Hata mie naona, rangi zote zimefifia, hata za samaki."

Narjis akamtazama samaki wa manjano. Alikuwa wa manjano kama siku zote. Akafikiri labda mumewe, aliyelitazama tangi lile maisha yake yote, anaona kitu asichokiona yeye. Taa mpya ikaagizwa, ikafungwa. Mehdi alikaa mbele yake kwa muda mrefu, kisha akasema taa za siku hizi si taa.

Wiki hiyo hiyo walikuwa wanatoka kuchukua dawa za kisukari, Mehdi akiendesha. Kwenye makutano ya barabara ya Bagamoyo magari yote yalisimama, wao wakaingia katikati. Bodaboda aliyebeba abiria alikata kona ya ghafla, akapanda ukingo wa barabara, abiria akaangukia magoti. Mehdi alisimamisha gari mbele kidogo, mikono imeng'ang'ania usukani.

"Ilikuwa nyekundu," Narjis alisema.

"Jua limenipiga machoni."

Jua lilikuwa nyuma yao. Narjis aliteremka, akampa pole yule abiria, mwanamke aliyekuwa anapangusa mchanga kwenye magoti yaliyochubuka, akarudi garini. Hakuendelea na maneno. Mume wake alikuwa amekonda hata saa inamzunguka mkononi, na kila swali siku hizi lilimfanya afoke, na akifoka anakohoa. Nyumbani alimwambia tu, "Tukapime miwani yako."

"Nikimaliza dozi. Nimebakiza kidogo. Sitaki daktari mwingine wa kunitafutia ugonjwa mwingine."

Jumapili moja kipimo kikasoma kumi na nne. Mehdi alimpigia Stanley simu, akaweka sauti ya juu kwa sababu siku hizi aliona taabu kusoma vitufe na hakupenda kuishikashika simu.

"Mzee wangu, pampu si umeizima?" Stanley aliuliza.

"Nimeizima zamani."

"Na bado inapanda? Hapo kuna ishu. Matumbawe yanakula, lazima ishuke. Labda dawa ya kipimo imeharibika. Hebu nije na kipimo changu tulinganishe."

"Hapana, usije. Nyumba ina mafundi."

Hapakuwa na fundi yeyote. Kulikuwa na dawa zake juu ya kabati na kikohozi ambacho Stanley angekisikia. Mehdi akakata simu, akachukua asidi aliyokuwa nayo stoo, akaizimua kwenye ndoo ya maji, na alasiri yote akawa anaimimina kwenye tangi kidogo kidogo ili aishushe ile alkali. Aliifanya kazi ile kwa uangalifu mkubwa. Narjis alimwona anavyopumzika kila baada ya kikombe, anavyotazama samaki, anavyoendelea.

Asubuhi samaki wote watatu walikuwa wamekufa. Wawili wa chungwa wamelala mchangani, wa manjano amenaswa kwenye mdomo wa pampu ya kuzungusha maji. Maji yalikuwa na ukungu, na matumbawe yaliyobaki yalikuwa yanadondosha nyama yao kama kamasi. Sebule ilinuka.

Mehdi alisimama pale na nguo za kulalia. Demetria alikuwa ameingia na ndoo ya kupigia deki, akasimama pia, mkono mdomoni.

"Jana ulifuta kioo," Mehdi alisema, bila kumgeukia.

"Ndiyo, baba. Kwa nje."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa. Maji matupu, baba. Kama siku zote."

"Ulipulizia ile dawa ya vioo. Mie nimepima maji haya mwenyewe, najua kilichomo ndani. Samaki hawafi wenyewe."

"Sijapulizia, baba. Haki ya Mungu."

"Unaapa ndani ya nyumba yangu?" Sauti yake ilipasuka, kikohozi kikamshika, akainama akishikilia ukingo wa tangi. Alipoinuka macho yalikuwa yamejaa machozi na uso umevimba. "Fungasha vitu vyako. Nisikukute hapa leo."

Demetria alimtazama Narjis. Chupa ya dawa ya vioo ilikuwa chini ya sinki la jikoni, haijafunguliwa tangu inunuliwe, na Narjis alijua. Alichotakiwa kufanya ni kwenda kuileta. Lakini mumewe alikuwa anatetemeka kama mtu mwenye homa, na akafikiri, akitulia nitamweleza, kesho nitampigia Demetria arudi. Akasema, "Nenda kwanza, Mama Kemi. Tutaongea."

Demetria alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti. Alipotoka getini alikuwa na begi moja na mfuko wa plastiki.

Jirani yao Shahbanu alikuwa anamwagilia maua, akamwona anavyopita. Jioni akaja kuuliza, na Mehdi mwenyewe, aliyekuwa hataki wageni, alimpokea barazani akamsimulia: yule mwanamke ametia sumu kwenye tangi, iwe kwa uzembe au kwa makusudi. Shahbanu alisikitika sana. Kufikia usiku kina mama wote wa jumuiya yao upande ule walikuwa wameshapata habari kwenye simu zao.

Kesho yake Narjis alimpigia Demetria. Simu iliita haikupokelewa. Akapiga tena siku nyingine, ikawa haipatikani.

Nyumba sasa ilikuwa kimya. Mehdi alilala sana mchana. Narjis alifanya kazi zote peke yake, na kila alipopita sebuleni aliyaona matumbawe machache yaliyobaki hai upande wa kona, yamejikunja. Maneno ya Stanley yalikuwa yamemkaa: matumbawe yanakula, lazima ishuke. Yeye hakusoma kemia, ila alikuwa ameendesha jiko miaka thelathini, na alijua kwamba ukiacha kununua sukari na watu wanaendelea kunywa chai, kopo haliwezi kujaa.

Mchana mmoja Mehdi akiwa amelala, alitandika karatasi nyeupe kwenye meza ya dirishani. Alisuuza kichupa. Alivuta maji, akainyanyua sirinji usawa wa jicho. Alitia dawa ya rangi, na maji yakawa bluu. Alishika chupa wima, akabonyeza taratibu, akatikisa baada ya kila tone. Tone la tatu lilipoingia, pinki ilitokea katikati kama uzi, ikapotea alipotikisa. La nne likageuza kichupa kizima. Akatikisa, akatikisa tena. Pinki ilibaki.

Akamwaga, akasuuza, akarudia. Nne.

Alikwenda nyuma ya nyumba akampigia Stanley. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, pamoja na asidi. Stanley alimsikiliza hadi mwisho. "Mama, maji yaliyoshuka hivyo ukiyatia asidi... ndiyo maana samaki wamekufa. Nakuja sasa hivi. Siulizi ruhusa."

Alifika bado amevaa shati la kazini na tai, na kipimo chake kwenye mfuko wa karatasi. "Shikamoo mama," alisema mlangoni, kisha hakuongea tena hadi alipopima. Kipimo chake kilikuwa cha kampuni nyingine, chenye dawa za rangi zilezile. Alipata nne pia.

Mehdi aliwakuta hapo. Alisimama kwenye mlango wa korido, nywele zimesimama upande mmoja.

"Nani amekuita?"

"Mie," Narjis alisema. "Kaa, Baba Sidra. Nimepima maji. Nimepata nne. Stanley amepata nne."

"Wewe umepima?" Alicheka kicheko kikavu. "Umeanza lini kujua kupima?"

"Basi pima wewe, tuone."

Alikaa. Kuna mambo ambayo mikono yake haikuwa imeyasahau: alisuuza, alivuta, alisawazisha sirinji mbele ya uso, ingawa Narjis aliona sasa kwamba anageuza kichwa pembeni, kama ndege anavyotazama punje. Alitia dawa ya rangi. Alianza kudondosha, wima, sawasawa, akitikisa kila mara.

La nne lilipoingia, maji yakawa pinki.

Mehdi alitikisa, akatazama juu ya karatasi, akadondosha la tano.

Stanley alifungua mdomo, Narjis akamshika mkono. La sita. La saba. Kichupa kilikuwa pinki iliyokolea kama sharubati ya rozela, mwanga wa dirisha ukipita ndani yake na kutupa doa pinki kwenye karatasi, na mume wake alikuwa anakitazama kwa makini yote aliyokuwa nayo, anatikisa, anaongeza. La kumi. Narjis aligeuza uso ukutani. Aliendelea kusikia sauti ndogo ya kioo kikigonga meza kila alipokiweka.

"Kumi na tatu," Mehdi alisema. "Hiyo hapo imegeuka. Mmeona?"

Stanley alimtazama Narjis.

"Mmeona au hamkuona?"

"Mzee," Stanley alisema, "iligeuka kwenye la nne."

Narjis alichukua kichupa kingine, akakijaza maji, akatia dawa ya rangi tu. Akaviweka vyote viwili mbele ya mumewe juu ya karatasi nyeupe, cha bluu na cha pinki.

"Niambie ipi bluu."

Mehdi alivitazama. Alikisogeza kimoja, akakisogeza kingine. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa. Alivinyanyua vyote kwenye mwanga wa dirisha. Stanley alikuwa anatazama viatu vyake.

"Hii," Mehdi alisema mwishowe, akionyesha cha pinki, na sauti yake tayari ilikuwa inajua.

Kliniki aliyochukulia dawa ilikuwa Temeke, mbali na watu wanaomfahamu, kama alivyotaka mwenyewe. Safari hii gari aliliendesha Narjis, na hakubaki ndani yake; aliingia kwa daktari pamoja na mumewe. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Eliaichi, mpole, mchovu, foleni yake imefika nje. Alimfunika Mehdi jicho moja baada ya jingine na kumwambia asome herufi ukutani. Mehdi alisoma mstari wa kwanza kwa kukisia. Daktari akamwonyesha picha za vidoa vya rangi zenye namba ndani, Mehdi akasema haoni namba yoyote, anaona vidoa tu.

"Ni mojawapo ya dawa unazotumia," daktari alisema. "Inaweza kuumiza mshipa wa jicho. Na figo zako zikiwa dhaifu, inajaa mwilini. Ndiyo maana kila mwezi tunakuuliza kuhusu macho." Alifungua jalada. "Mwezi uliopita umeulizwa. Umejibu mazima."

Narjis alimgeukia mumewe.

"Nilidhani wataniambia nianze dozi upya," Mehdi alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilikuwa nimebakiza kidogo."

"Yalianza lini?" daktari aliuliza.

"Kabla ya mvua kuisha. Magazeti yalianza kuwa na ukungu katikati. Nikadhani sukari."

Daktari hakumgombeza, na Narjis alitamani angemgombeza. Aliisimamisha ile dawa palepale, akapanga dawa nyingine, akawaandikia kwenda kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Narjis alipouliza kama macho yatarudi, alijibu kwamba kwa wengine hurudi taratibu, kwa miezi, kwa wengine hurudi nusu. "Angesema mapema tungekuwa na matumaini zaidi. Sitakudanganya, mama."

Hayakurudi. Kifua kikuu kilipona, makohozi yakawa safi, uzito ukapanda, Mehdi akaanza kulala usiku bila kukohoa. Lakini katikati ya macho yake pakabaki na doa la kijivu. Aliona pembeni: mlango, ukingo wa meza, mguu wa kiti. Kitu alichokitazama moja kwa moja ndicho kilichopotea. Siku moja mezani alimwambia Narjis kwamba akitaka kumwona inabidi atazame sikio lake, na hata hapo uso hauna sura. Alisema bila kujihurumia, kama anayemweleza fundi gari lina tatizo gani. Narjis alikwenda jikoni akafungua maji yatiririke hadi alipoweza kurudi.

Stanley alikuja akachukua vipande vitatu vya matumbawe vilivyokuwa bado na uhai. Tangi likakaushwa. Kila alipopita pale Mehdi aligusa kioo, lakini kitu kilichomsumbua kilikuwa kingine.

"Demetria anakaa wapi?" aliuliza asubuhi moja.

"Kinyerezi, kwa dada yake. Nimempigia mara nyingi. Hapokei."

"Nipeleke."

Walimpata kwa kuuliza. Alikuwa amekaa nje ya nyumba isiyopigwa plasta, mbele ya jiko la mkaa, anachoma vitumbua. Alipowaona aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga, akawasalimu kwa shikamoo kama kawaida. Aliwaletea viti viwili vya plastiki. Mehdi alikaa akielekeza uso pembeni yake, na Demetria akageuka kutazama kilichoko huko.

"Sioni vizuri, Mama Kemi," Mehdi alisema. "Nikikutazama usoni ndiyo sikuoni kabisa. Wakati ule nilikuwa sioni tayari, na sikujua. Niliwaua wale samaki mwenyewe, kwa asidi. Nimekuja kukuomba msamaha."

Demetria aligeuza vitumbua, kimoja kimoja, vilivyokuwa tayari na ambavyo havikuwa tayari.

"Nashukuru umekuja, baba," alisema. "Pole kwa macho."

"Rudi nyumbani," Narjis alisema. "Tafadhali."

"Hapana, mama. Sitarudi." Hakuwa na hasira. "Mie nilipata nyumba mbili huko huko Mbezi, baada ya kutoka kwenu. Ya kwanza nilifanya siku moja. Ya pili wana mtoto mchanga, walinikubali kabisa, kesho yake wakanipigia nisije. Wamesikia natia watu sumu. Na ni kweli wamesikia, ipo kwenye simu za watu wote. Siwezi kupita mtaa ule."

Narjis alikumbuka chupa iliyokuwa chini ya sinki. Alitaka kuisema. "Nilijua," alisema. "Siku ile nilijua hukupulizia. Chupa ilikuwa haijafunguliwa."

"Najua ulijua, mama. Nilikutazama."

Mafuta yalikuwa yanachemka. Jirani alipita, akanunua vitumbua viwili, akaondoka. Mehdi ndiye aliyesema tena.

"Wewe ulijua ninachoumwa. Wale wote walionisikiliza, ungewaambia tu: yule mzee ana TB. Wangenikimbia mie, wangekuamini wewe."

Demetria alishangaa kidogo. "Lakini ilikuwa siri yako, baba."

Walipofika nyumbani Mehdi alikwenda moja kwa moja kwenye sofa, akakaa wima, akanyoosha mkono.

"Nipigie Shahbanu."

"Utamwambia nini?"

"Kilichotokea."

"Atauliza kwa nini macho yameharibika. Ukisema ni dawa, atauliza dawa ya nini."

"Nitamwambia."

"Mehdi." Ilikuwa nadra kumwita kwa jina. "Wataacha kuja. Msikitini watakaa mbali na wewe. Sidra atasikia kwa watu."

"Sidra nitampigia wa kwanza, basi. Halafu Shahbanu. Halafu wale wenye mtoto mchanga, na kila mtu aliyeambiwa. Nikisema nusu hawataniamini. Watadhani ni huruma ya mgonjwa kwa mtumishi wake."

Narjis alichukua simu. Sidra alilia, akataka kujua kwa nini hakuambiwa, akasema atapanda basi Ijumaa. Baada ya hapo Narjis akatafuta jina la Shahbanu, akabonyeza, akaweka sauti ya juu, akaiweka simu kwenye kiganja cha mume wake.

Mehdi alieleza taratibu. Alianza na samaki, akaja kwenye kipimo, asidi, macho, dawa. Alipofika kwenye jina la ugonjwa hakulizungusha, alilitaja lote. Alisema Demetria hakufanya kosa lolote, na kwamba aliyemsingizia ni yeye, na kwamba anaomba maneno yale yaende kila mahali yalikokwenda yale ya kwanza.

"TB," Shahbanu alisema. "Na watoto wangu walikuwa wanakuja hapo kutazama samaki."

"Nilikuwa siambukizi. Daktari—"

Simu ilikatwa.

Mehdi alibaki ameishika, uso umeelekea dirishani. Nje msichana wa Shahbanu alikuwa anafunga geti dogo lililounganisha nyua zao mbili, lile ambalo halikuwahi kufungwa. Mehdi hakuliona. Narjis alilisikia komeo likiingia.

"Amekata?" Mehdi aliuliza.

"Amekata."

Alinyoosha simu upande aliodhani mke wake yuko. "Nipigie anayefuata."